Mwaka wa Kompyuta ya Vyumba Vingi

Kwenye arobaini ya Zuhura, msemaji wa familia alisimama chini ya turubai akasema marehemu alikuwa mwanamke mpole, mnyamavu, mwenye kupenda watu na anayejua kupika. Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Mimi, niliyetoka Bariadi hadi Kondoa kwa kubadilisha mabasi, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wanawake, na nilikunja uso hadi mama wa pembeni akaniuliza kama tumbo linaniuma. Kujua kupika? Zuhura aliunguza maharage kila wiki kwa sababu alikuwa anasoma huku yanachemka. Mpole hakuwa. Unyamavu nao sijui waliutoa wapi. Alichokifanya Bariadi hakikutajwa kabisa, kwa sababu wengi hawakukijua, na wachache waliokijua hawakuona kama ni jambo la kusemwa kwenye shughuli. Nilirudi nyumbani na hasira zangu na sikutaka zipoe kabla sijaandika. Sitasimulia ukoo wangu wala wake. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule tuliopanga uwanja mmoja, mlango wake ukitazamana na wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu. Ofisi yetu ya msaada wa kisheria ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo, na msimu wa pamba ukifika harufu ya dawa za kunyunyizia ilipenya hadi kwenye chai. Chumba cha ndani kilikuwa cha mratibu wetu, Bwana Lubango. Cha mbele kilikuwa changu: meza, benchi la wateja, kabati lisilofungika na kompyuta moja. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa plaiwudi ambao haukuzuia hata kikohozi. Wanawake walikuja kutoka Shishiyu, Kalemela, Mwandoya, wakitembea na vumbi lao, wengi wao wajane walioambiwa na mashemeji kwamba shamba lilikuwa la marehemu na marehemu ameondoka nalo. Walisema kwa Kisukuma, mimi nikaandika kwa Kiswahili, kisha nikawasomea tena kwa Kisukuma wahakiki. Nilikuwa na mkono mwepesi na nilijivuna nao. Ila kompyuta ile moja ilibeba kila kitu: maelezo ya wajane, barua pepe za wafadhili, nyimbo za Bwana Lubango, na flashi ya kila mpita njia aliyeomba kuchapishiwa karatasi. Hatukuona ubaya wowote. Kompyuta ni kompyuta, tulidhani, kama jembe ni jembe.

Mayu Nyanzobe, mayu kwa Kisukuma ni mama, alikuja mwezi wa pili. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, kutoka kijiji kimoja mbele ya Mwandoya ambacho sikitaji. Shamba lake la pamba lilikuwa limechukuliwa kwa muhtasari wa mkutano wenye dole gumba lake, na yeye siku hiyo alikuwa hospitali na mjukuu. Alinieleza kwa nusu siku. Mchana nilimkaribisha matobolwa na chai, akala viazi vile vikavu polepole huku akinitazama, kama anayepima uzito wangu. Kisha akanitajia majina mawili ya wajumbe wa serikali ya kijiji waliomnong'oneza kwamba muhtasari ule uliandikwa nyumbani kwa mwenyekiti. "Hao ukiwaandika," akasema, "umeshika roho zao." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hapa ni ofisi. Nayakumbuka maneno hayo vizuri, maana ndiyo niliyokuja kuyalipa.

Siku chache baadaye akaja mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi, akasema ana mgogoro wa ng'ombe kuingia shambani na picha za ushahidi anazo. Nikachomeka flashi yake. Picha sita zilifunguka, ng'ombe kweli, mahindi yaliyovunjika kweli. Ya saba ikagoma. Nikabofya mara ya pili, mara ya tatu. "Labda imeharibika," akasema, akachukua flashi yake, akashukuru kwa adabu, akaondoka na hakurudi. Wiki tatu zikapita. Kisha mkutano wa kijiji ukaitishwa kule kwa Mayu Nyanzobe, na mwenyekiti akasimama na karatasi mkononi, akawasomea watu maelezo yake kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Maneno yangu, Kiswahili changu, hata kosa la herufi nililosahau kurekebisha. Majina mawili yakasomwa kwa sauti. Mjumbe mmoja akakana palepale na kumwita Mayu mwongo. Wa pili akahamisha familia yake kwa wakwe zake Kalemela kabla ya Jumapili.

Alikuja mwenyewe kunipa habari. "Mwangaluka," akasema mlangoni, kama siku nyingine yoyote. Nikaitikia na kumpisha kiti. Hakukaa.

"Ulimpa nani?" akauliza.

"Sikumpa mtu, Mayu. Naapa."

"Basi nani alikuja kuchukua?"

"Sijui."

Akaitazama kompyuta kwa muda, kama unavyomtazama mbwa aliyeuma mtoto. "Ungenitukana ningesahau," akasema. "Hujui, halafu unaandika." Akafunga vizuri kanga yake akaondoka, na mimi nikabaki nimesimama nimeshika kiti.

Nilimweleza Bwana Lubango yote, hata ile picha niliyoibofya mara tatu, na mchana ule nikasikia hatima yangu kupitia plaiwudi. Bwana Lubango alikuwa na rafiki yake mmoja, mwanakamati wetu, wanakula wali na sato kutoka kwa mama ntilie wa jirani. "Binti hana ubaya," Bwana Lubango alikuwa anasema, mdomo umejaa. "Ila kompyuta ina wataalamu wake. Huyu kila kinachobofyeka anabofya. Jumatatu tunarudi kwenye karatasi. Kabula atapokea wageni na kuchemsha chai." Yule mwingine akauliza kama chai naiweza. "Chai hata ukiibofya mara tatu haikuibii kitu," akajibu, wakacheka hadi mmoja akapaliwa na mwiba. Leo watu wakiniuliza nilianza vipi kazi yangu ya kulinda maneno ya watu kwenye kompyuta hutarajia nitaje chuo au kozi. Nilianza kwa kicheko kile. Nilikuwa na aibu ya kutosha kunifukia mzima, na wao wakanipa kitu kingine cha kushika badala ya aibu.

Zuhura alikuwa mwalimu wa hesabu na kompyuta, aliyepangiwa kazi Bariadi kutoka kwao Kondoa, anayetembea haraka na kujibu watu kabla hawajamaliza swali. Hadi siku ile tulikuwa tunasalimiana tu kisimani. Jioni nilimkuta anapepeta mchele uwanjani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunipa pole. Aliuliza: "Flashi ya mgeni na maelezo ya mjane vilikuwa kwenye mashine moja?" Nikasema ndiyo. "Na mashine hiyo hiyo ina intaneti?" Ndiyo. Akaweka ungo chini. "Ile ya saba haikuwa picha, ilikuwa kirusi cha kuiba. Kwa hiyo mlimlaza mwizi, mjane na barabara chumba kimoja, halafu mnashangaa." Nikataka kulia, akanikataza. "Usilie, mdogo wangu. Kulia utalia mashine ikishakamilika."

Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, ndoo tatu na rafu ya vitabu, na kompyuta mbili za kupakata zilizofunikwa kanga. Ile nzito, ya zamani, aliyokuwa ameiongezea memori, akaiweka mezani akasema hiyo ndiyo tutakayoijenga. Alinieleza akichora kwenye daftari la mwanafunzi. Kwa macho utaona kompyuta moja. Ndani yake zitaishi kompyuta kadhaa za kubuni, mashine pepe, kila moja ikidhani ipo peke yake duniani. Ugonjwa ukiingia kwenye moja hauvuki kwenda kwa nyingine, maana hakuna mlango kati yao isipokuwa ule utakaoufungua wewe kwa mkono wako, kwa faili moja, kisha ukaufunga. Tukazipa majina yetu wenyewe. Sokoni ndimo intaneti. Ofisini ni barua na kuchapisha. Mgeni ni mashine ya kufungulia flashi na faili za watu, na ukiifunga inakufa na kila kilichoingia humo. Na Ghalani, isiyo na mtandao wowote, isiyojua kwamba kuna dunia nje, ndimo yatakamokaa maneno ya akina mama. Kila moja ilikuwa na fremu ya rangi yake kwenye kioo, usije ukajichanganya ukidhani upo Ghalani kumbe upo Sokoni.

Kusema ni rahisi. Faili la kusimika mfumo ule lilikuwa kubwa, na modemu yetu ilivuta kama mtu anayekunywa uji wa moto. Siku tisa. Lilipotimia Jumamosi asubuhi nilipiga vigelegele, Zuhura akaniambia ninyamaze, bado hatujui kama ni lenyewe. Kulikuwa na mlolongo mrefu wa herufi na namba unaotokana na faili likiwa zima, na rafiki yake aliyeko Dodoma alikuwa amemsomea kwa simu ule ulio sahihi. Tukakaa barazani juani, yeye na karatasi, mimi na kioo, nasoma: nane, c, nne, nne, f, sifuri. Mama mwenye nyumba akapita na kuni, akarudi, akapita tena. Mwishowe akauliza kama tunaagua. "Tunahakiki, mama," Zuhura akajibu bila kuinua kichwa. Kwenye herufi ya kumi na tisa nikasema b, yeye akasema d. Tukarudia. B. Nikamwomba tuendelee tu, herufi moja ni nini, pengine rafiki yake alikosea kusoma. Zuhura akampigia palepale. Alikuwa hajakosea. Akavuta kompyuta kwake, akafuta lile faili lote, siku tisa, mbele ya macho yangu.

"Uliambiwa picha imeharibika ukabofya tena," akasema. "Hapa hatubofyi tena."

Nilimchukia hadi Jumatatu. Kisha tukaanza upya, na mara ya pili herufi zote zikakubaliana, na nikagundua kwamba moyo wangu ulikuwa umetulia kwa namna ambayo haujawahi kutulia mbele ya mashine. Tulisimika mara tatu ikagoma, mpaka Zuhura akakuta kwenye mipangilio ya ndani kabisa kwamba uwezo wa kuendesha mashine pepe ulikuwa umezimwa tangu kiwandani. Akauwasha, akatukana kwa Kirangi, ikakubali. Kila nilichojifunza alinifanya nikifanye kwa mikono yangu, kisha nikibomoe, kisha nikijenge bila yeye kuwepo chumbani. Alikuwa anakaa nje anaunguza maharage. Diski nzima tuliifunga kwa nywila ya maneno saba niliyoyachagua mimi, Zuhura akasimamia. Ofisini niliendelea kuchemsha chai. Nilichemsha vizuri kabisa, nikatabasamu, na Bwana Lubango akasema nimepoa.

Mwezi wa tano nilikwenda Mwandoya kumtafuta Mayu Nyanzobe. Alikuwa anaishi kwa dada yake, analima kibarua kwenye mashamba ya watu. Sikuwa na la kujitetea. Nilimwambia nilifanya kosa gani, lilipita wapi, na nimefanya nini tangu siku hiyo. Alikoroga maziwa kwenye kibuyu muda mrefu. "Maneno mazuri nimesikia," akasema. "Nionyeshe." Wiki iliyofuata alifika kwetu Bariadi na kuku chini ya kwapa, zawadi ya mwalimu, akakaa kwenye kitanda cha Zuhura na kuvua viatu. Hakujua kusoma. Nikamweleza vyumba kimoja kimoja, akavielewa haraka kuliko mwanakamati yeyote. Kisha akatuamuru: "Ibeni nione." Nikaandika sentensi yake moja Ghalani. Zuhura akaingia Sokoni, akaitafuta kila mahali kwa ujuzi wake wote, hakuipata. Akachomeka flashi kwenye Mgeni, akaachia humo kirusi alichokuwa nacho cha kufundishia, tukakitazama kinahangaika kutafuta cha kula, kisha akaifunga mashine ile ikafa nacho. Mayu akataka tufanye tena. Tukafanya tena.

"Sawa," akasema. "Sasa wezi wa dirishani hawapiti. Je, mtu akija mlangoni, akakushika mkono akasema fungua?"

Zuhura akanitazama. Mashine haikuwa na jibu la swali hilo.

"Hapo nitabaki mimi, Mayu," nikasema.

Akanitazama vilevile kama siku ya matobolwa. Kisha akaanza kueleza upya, tangu mwanzo, na safari hii alisema mengi kuliko mara ya kwanza. Tulipomaliza tukanakili Ghala lote, limefungwa kwa nywila, kwenye flashi ndogo, na yeye mwenyewe akasema atakaa nayo. Aliishona ndani ya pindo la kitenge chake. Wakiniuliza ni nani aliyekuwa mtunza nakala wetu wa kwanza, nasema ni mwanamke asiyejua herufi hata moja, na sijapata mwingine mwenye nidhamu kama yake.

Alipopita yeye wakaja wengine. Kila Jumamosi benchi la barazani lilijaa, Mayu akawa anakuja mara kwa mara na flashi yake tuongeze mapya, na habari hazikukawia kumfikia Bwana Lubango. Siku niliyobeba ile kompyuta kwenda nayo ofisini ili nichapishe karatasi za baraza la ardhi, alikuwa ananisubiri, ameketi kwenye kiti changu. Alisema mwenyekiti wa kijiji kile amempigia, mtu mwenye heshima zake, anataka mambo yamalizike kwa mazungumzo. Alitaka kwanza kujua nani mwingine ametajwa.

"Fungua hapo tuone," akasema.

"Siwezi, bwana."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Akacheka kidogo, akageukia ukuta kama vile kule nyuma kulikuwa na watu wa kumsaidia kucheka. "Kabula, wewe umeajiriwa hapa. Maelezo ni mali ya ofisi."

"Karatasi ni za ofisi. Maneno ni ya akina mama, na niliwaahidi."

"Nitakufukuza kazi leo hii."

Nikasema, "Nifukuze. Paswedi huipati." Akaichukua kompyuta, akaifungia chumbani kwake, akanionyesha mlango.

Ilikaa huko siku nne. Baadaye tulisikia aliipeleka kwa fundi mjini, fundi akamrudishia akisema haoni kitu, ni kisanduku tu kinachoomba maneno. Siku ya tano Zuhura alikwenda ofisini na risiti yake ya kununulia, wakati wateja wamejaa benchini, akasema kwa sauti ya darasani kwamba amekuja kuchukua mali yake iliyoibwa na anayetaka kushuhudia ashuhudie. Akatoka nayo kwapani. Tulipofika nyumbani nilitaka kuiwasha, akanishika mkono. "Imelala kwa mtu siku nne. Siiamini tena." Akafungua, akabadilisha diski, na mimi nikajenga kila kitu upya peke yangu, Sokoni, Ofisini, Mgeni, Ghalani, tangu asubuhi hadi alasiri. Keshoye Mayu Nyanzobe akafika, akaazima wembe, akafumua pindo la kitenge chake. Nakala ikafunguka bila kupungua neno.

Baraza la ardhi lilikaa mwezi wa tisa. Upande wa pili walileta yale maelezo ya kwanza, yale yaliyosomwa mkutanoni, wakasema hayalingani na haya mapya, kwa hiyo mama huyu anabadilika badilika. Mayu aliomba kujibu mwenyewe. Alisimama akasema kwa Kisukuma, mkalimani akafuatisha: "Hayo mliyaiba. Haya nimeyaleta mimi." Mwenyekiti wa baraza akawauliza waliyapata wapi yale ya kwanza, na jibu halikupatikana siku ile wala siku nyingine. Yule mjumbe aliyehamia Kalemela akaja kutoa ushahidi, bila kuitwa mara mbili. Shamba lilirudi kabla ya mvua za kupandia. Si lote, kipande cha kando ya mto kilibaki kwa shemeji, na mwenyekiti wa kijiji aliendelea na uenyekiti wake. Sisemi tulishinda dunia. Nasema alipanda pamba kwenye shamba lake, na wanawake kumi na wanne wengine waliosema barazani kwetu mwaka ule hawakusomewa maneno yao na mtu.

Desemba Zuhura alihamishiwa shule nyingine, mkoa mwingine. Asubuhi ya kuondoka masanduku yalikuwa tayari mlangoni, na ile kompyuta nzito akaniachia mezani, kanga yake juu. Nilianza maneno ya kuaga niliyoyaandaa, akanikatiza, kama kawaida yake.

"Bado kazi moja. Badilisha paswedi."

"Ya nini? Hakuna anayeijua."

"Mimi naijua."

Nikamwambia asiniudhi, yeye ni nani tena wa kufungiwa nje. Hakubishana. Alivuta kiti akanikalisha, akaenda upande wa pili wa chumba kitupu, akasimama amenipa mgongo, uso kwenye ukuta, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nje dereva alikuwa anapiga honi. Nikaandika maneno mapya saba, nikayarudia, mashine ikakubali.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hata nusu yake usiniambie," akasema akiwa bado anatazama ukuta. "Sasa hata wakinishika mimi, wale akina mama wapo salama."